Eror ya fyuza inayofutwa leo na kesho iko palepale

Nianze na hili maana ndo linalowalia watu hela. Ile namba inayotokea kwenye skrini ya mashine ya kopi ni malalamiko tu, mashine inakwambia imeona kitu hakijakaa sawa, nani kasababisha yenyewe haijui. Ikisema fyuza (sio fyuzi ya umeme, ni ile sehemu inayoshikisha wino kwenye karatasi kwa joto) haipati joto, maana yake kuna kasensa kadogo kule ndani kamesoma joto la chini kwa muda mrefu kuliko kalivyopangiwa, basi, elimu yake imeishia hapo. Kama ni taa imekufa, kama sensa imejaa uchafu, kama soketi imeungua, kama umeme wa jengo ni mbovu, kwake yote hayo ni kitu kimoja na namba inakuja ileile. Sasa fundi akiisoma ile namba kama risiti ya kwendea dukani kununua spea, mteja ameumia.

Kuna dada ana steshenari hapa Dar, karibu na chuo, ana mashine ya rangi ya A3, mtumba wa Ulaya, zile kubwa za kusimama sakafuni. Kampuni siitaji na wala haina umuhimu, zote zinafanya hivihivi. Anachapa kadi za michango ya harusi, makava ya ripoti za wanafunzi, vyeti vya mahafali ya chekechea, na ratiba za mazishi zile zenye picha ya marehemu mbele. Hizo za mwisho ndo zilikuwa zinampa presha maana kadi ya mchango ukimwambia mteja njoo kesho atanuna ila atakuja, ratiba ya mazishi hamna kesho, watu wanazika saa tisa.

Mashine yake ikawa inaleta eror ya fyuza. Fundi wa kwanza akaingia kwenye sevisi modi, ile menyu ya mafundi, akaifuta, mashine ikawaka vizuri, akachukua chake akaondoka, kesho yake jioni namba ikarudi. Akaja mwingine akasema taa za fyuza, zikabadilishwa, ikatulia kidogo ikarudi. Wakaenda Kariakoo wakanunua fyuza nzima ya mtumba, ikafungwa, ikarudi. Mtu mwingine tena, huyu wala sio fundi, ni jirani tu, akamwambia dada nunua stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, akanunua, afu ndo ikawa inakuja mara nyingi zaidi. Aliponipigia simu alinisalimia vizuri tu, baada ya salamu akasema, "Kaka, kama unakuja kuniambia fyuza, usije."

Nikamwambia dada yangu nakuja na testa ya kupimia umeme tu, spea sibebi.

Kwa wasiojua, fyuza ni sehemu ya mwisho karatasi inapopita kabla haijatoka nje. Mpaka inafika hapo tona, yaani wino wa mashine, ni unga tu uliokaa juu ya karatasi, ukipitisha kidole unafutika. Fyuza ina rola mbili, au rola na belti, upande mmoja una taa za halojeni ndani yake na upande mwingine unabana, karatasi inapita katikati kwenye joto la kama nyuzi 160 hadi 190 hivi kutegemea na mashine, unga unayeyuka unashika kwenye karatasi. Ni pasi tu kwa kifupi, pasi inayojipima joto yenyewe. Kinachopima ni thamista, kidude kidogo ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda, bodi, ambayo ndo ubongo wa mashine, inasoma ule ukinzani inajua sasa hivi ni nyuzi ngapi, inawasha taa au inazima. Pembeni kuna themostati, hiyo kazi yake ni moja, joto likipitiliza inakata umeme wa taa moja kwa moja bila kuuliza bodi.

Mashine ikiwashwa inajipa muda, labda sekunde kadhaa, labda dakika, fyuza iwe imefika joto fulani. Ikipita muda haijafika, eror. Ikiwa katikati ya kazi joto likashuka chini ya kiwango na halipandi, eror. Joto likipitiliza, eror. Kwenye Ricoh na ndugu zake utaziona kwenye SC 541, 542 na zinazofuatia hapo, kwenye Canon nyingi inaanzia E000, Kyocera C6000, HP ni zile za 50. Tofauti ya hizi na eror nyingine ni kwamba kwenye mashine nyingi kuzima na kuwasha hakusaidii, zinaandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine na zinakaa hapo mpaka mtu aingie sevisi modi azifute. Watu wanadhani kampuni zimefanya hivyo ili uliwe hela na fundi. Hapana bwana. Fikiria thamista imechomoka mahali pake, inaning'inia hewani, inasoma baridi wakati rola ni ya moto, bodi inaendelea kuwasha taa tu. Ukiruhusu mteja azime awashe, azime awashe, kila akiwasha unaipa nafasi nyingine ya kuunguza duka.

Na hili sio la kufikirika. Xerox 914, mashine iliyofanya kopi za karatasi ya kawaida ziwe kitu cha ofisi, ilitoka 1959 huko Marekani, na ilikuwa na tabia ya karatasi kuungua ndani, mpaka kampuni ikawa inaitoa pamoja na kizima moto kidogo. Ila hawakukiita kizima moto, walikipa jina la upole ili mteja asishtuke. Kwa hiyo hawa watu wana sababu za kuogopa fyuza.

Ndo maana sitaandika hapa vibonyezo vya kufutia. Kila mtu anavitafuta, na kila mtu akivipata anadhani amepata dawa. Kufuta ni hatua ya mwisho, unafuta baada ya kujua kwanini ilikuja.

Nilipofika kwa dada sikufungua mashine, nilikaa kwenye benchi nikaanza kuuliza. Inakuja saa ngapi? Akasema muda wowote. Hamna kitu kinakuja muda wowote, nikamgeukia dogo anayekaa na mashine siku nzima maana huyo ndo anajua, akasema fundi asubuhi inapiga kazi vizuri tu, tunatoa kopi nyeusi za wanafunzi mpaka mchana haina neno, shida ni jioni jioni, na ni tukiwa na kadi. Nikamuuliza ukiiwasha asubuhi inachukua muda gani kuwa tayari, akacheka, akasema naiwasha, naenda kununua chapati na chai, nikirudi ndo inamalizia. Walijua ni uzee wa mashine.

Hapo nilikuwa nimeshapata mambo matatu kabla sijashika bisibisi. Inachelewa kupata moto. Jioni ndo mbaya. Kazi ya rangi kwenye karatasi nene ndo inaiangusha. Hili la tatu lina maelezo yake, kopi nyeusi ya notisi ni maandishi tu, tona kidogo, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Kadi ya harusi ni gramu 250 mpaka 300, imejaa rangi kutoka kona hadi kona, na rangi kwenye mashine hizi ni sayani, majenta, njano na nyeusi zinalaliana, yale maua ya zambarau ambayo kamati zote za harusi zinayapenda ni tabaka juu ya tabaka la tona. Karatasi nene inanyonya joto la rola, tona nyingi nayo inataka joto, kwa hiyo kila kadi inayopita inaibia fyuza, na fyuza inatakiwa ijazie haraka kabla ya kadi inayofuata. Mashine inajua hilo, ukiiambia karatasi ni nene inapunguza spidi. Dogo alikuwa haiambii. Anaweka kadi kwenye trei anaacha imeandikwa karatasi ya kawaida ili itoke fasta, nikachukua kadi moja nikaikwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka. Hii peke yake haileti eror kwenye mashine nzima, ila kwenye fyuza ambayo tayari inahangaika ni kuisukuma.

Haya, nikafungua. Mashine imezimwa, waya umechomolewa ukutani, fyuza imepoa, sio unaingiza mkono kwenye kitu cha nyuzi 180 afu unaanza kulaumu watu. Cha kwanza nilichotafuta kwenye ile fyuza ya mtumba ni stika ya volti. Watu hawaangalii hii kabisa. Mashine za mtumba na spea zake zinakuja kutoka kila mahali, nyingine Ulaya, nyingine Marekani ambako umeme ni 120, na fyuza ya 120 na ya 230 kwa macho ni mapacha. Taa ya 230 ukiipa umeme wa 230 sawa, ya 120 ukiipa 230 inakufa hapohapo. Hii ilikuwa ya 220 hadi 240, sawa. Taa nikazipima, oma chache tu kila moja, nzima. Thamista nikaipima ikiwa ya baridi, afu nikaishika kwa vidole ipate joto la mwili, ukinzani ukawa unashuka taratibu bila kurukaruka, nzima, nikaifuta ule ukoko wa tona na vumbi la karatasi. Soketi ya fyuza, pale inapochomekea kwenye mashine, nikaikagua pini moja moja kwa tochi maana pini ikilegea inaungua inakuwa nyeusi, hapakuwa na kitu.

Themostati nzima, na hapa naomba mnisikilize. Kuna mafundi themostati ikikata wanaipiga waya, wanaunganisha kule na huku mashine inawaka, wanapiga picha wanaweka status. Nimeshakuta fyuza ya namna hiyo kwenye ofisi moja, imefungwa hivyo, mashine iko chumba kimoja na mafaili ya karatasi hadi darini, na hakuna mtu pale anayejua kwamba ule ulinzi wa mwisho haupo. Themostati ikikata imekata kwa sababu, nunua nyingine ya namba ileile na utafute sababu. Fundi akikupigia waya mfukuze, tena mwambie aandike jina lake juu ya mashine ili tukija kuzima moto tujue pa kuanzia.

Kwa hiyo fyuza nzima. Ile ya zamani waliyoitoa ilikuwa kwenye boksi chini ya meza, nikaipima nayo. Nzima! Dada akaniangalia, mimi nikaangalia pembeni.

Nikaitoa ile stabilaiza pembeni kwanza, nikarudishia mashine kwenye ukuta moja kwa moja, nikachomeka testa kwenye soketi ya pili ya palepale. Ilikuwa bado mchana, mashine imetulia nikasoma 226. Nikaiwasha, taa za fyuza zikawaka, ikashuka 211. Zikizima inarudi, zikiwaka inashuka. Volti 15 zinapotea kwa mzigo wa mashine moja, sio kawaida hiyo ila mashine ilifika joto, kwa kujikongoja. Nikashika plagi, ya moto. Nikaagiza soda nikasubiri jioni.

Jioni watu wametoka kazini, na mlango wa pili pale kuna saluni ya kike. Nilikuwa nimeipita asubuhi wala sikuitilia maanani. Madraya yalipoanza kuunguruma testa yangu ikasoma 199 mashine ikiwa haifanyi kitu. Nikamwambia dogo weka kadi, printi ishirini. Taa za fyuza zikawaka, 183. Kadi zikaanza kutoka, namba zinacheza pale kwenye 183, 185, rangi inazidi kukosa kung'aa kadi baada ya kadi, na kabla ishirini hazijaisha mashine ikalia, skrini nyekundu, namba ileile.

Sasa swali ambalo dada aliuliza na ni swali zuri sana. Kama umeme ni mdogo, mbona skrini inawaka vizuri, mota zinazunguka, skana inafanya kazi, taa za duka zenyewe ziko sawa? Jibu ni kwamba ndani ya mashine kuna umeme wa aina mbili. Bodi, mota na skrini zinapitia kwenye power saplai ambayo inageuza umeme wa ukutani kuwa volti 24 na volti 5, na hizi power saplai za kisasa ukizipa 183 au ukizipa 240 zenyewe zinatoa 24 ileile, hazijali. Taa za fyuza hazipitii huko. Zinakula umeme wa ukutani mbichi, kinachokuja ndo hichohicho. Taa ya 230 ukiipa 183 inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Kwa hiyo mashine nzima inaonekana ina afya na fyuza peke yake ndo ina njaa, afu bodi inailaumu fyuza, afu fundi anailaumu fyuza, afu dada anailipia fyuza.

Ile stabilaiza nayo haikuwa na msaada kwa sababu ni ya zile za rilei, inapandisha na kushusha kwa hatua, ta, ta, ta. Taa za fyuza zinawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Stabilaiza ikiona umeme umeshuka inapandisha, ikimaliza kupandisha taa zimezima, umeme umeruka juu, inashusha, ikimaliza kushusha taa zinawaka tena. Kila mara imechelewa. Na kila ikipandisha inavuta ampea nyingi zaidi kutoka kwenye waya uleule mbovu, unazidi kushuka. Stabilaiza haiwezi kutengeneza waya.

Maana shida ilikuwa waya. Tungemaliza pale kwenye testa tungesema ni umeme wa mtaa tukaishia kulalamika, ila nikamwomba dada wa saluni azime kila kitu dakika mbili, umeme ukapanda mpaka 216, nikaenda kupima pale kwenye mita ya LUKU nikakuta 216 pia. Wakawasha madraya yote na sisi mashine, pale kwenye mita ikashuka kidogo sana, pale dukani 183. Kwa hiyo umeme unafika kwenye jengo ukiwa mzima, unapotelea njiani kati ya mita na fremu zetu za maduka.

Akaitwa fundi umeme, akapanda darini. Mwenye nyumba alipogawa fremu alikuwa na laini moja ya soketi, waya wa milimita 1.5, akaurefusha kufika saluni na steshenari kwa kusokota waya na kuuzungushia selotepu nyeusi. Sehemu mbili. Moja selotepu ilikuwa imeshayeyuka, waya umekuwa mweusi, na mbao ya dari pale juu ina alama ya moshi. Fundi umeme alishuka akaomba maji ya kunywa. Joto ambalo fyuza ilikuwa inalikosa lilikuwa linatumika huko juu, kwenye mbao.

Mwenye nyumba alikuja na maneno yake, kwamba jengo lina miaka yote hiyo halijawahi kuleta shida, kwamba wapangaji wa siku hizi mna mashine kubwa. Mzee wa watu hakuwa mbishi sana alipoonyeshwa ule waya. Walikubaliana nusu kwa nusu, ikavutwa laini mpya ya milimita 2.5 ya steshenari peke yake ikiwa na breka yake ya ampea 16, saluni nayo ikapewa ya kwake. Waya, breka na ufundi wote hakuna hata robo ya hela ya ile fyuza ya Kariakoo.

Baada ya hapo ndo nikafuta eror. Jioni, saluni imejaa, nikapima 214 mashine ikiwa imetulia na 209 taa zikiwa zimewaka. Nikamfundisha dogo kuweka karatasi nene kwenye mipangilio ya trei, akalalamika inatoka taratibu, nikamwambia ndo spidi yake hiyo kaka, ile ya mwanzo ulikuwa unaiibia. Tukapiga kadi mia za zambarau zote, ukucha haubandui. Asubuhi siku hizi dogo chapati anaifuata baadaye, mashine inawahi.

Ile fyuza ya kwanza iko kwenye boksi bado, nimemwambia asiiuze, siku moja itahitajika kweli. Stabilaiza kaichukua mjomba wake kwa ajili ya friji. Kilichobaki ni njano, imeanza kupauka upande wa kushoto wa karatasi na kalibresheni haijasaidia, nadhani ni developa, ule unga unaobeba tona, imechoka, ila nikamwambia dada sigusi mpaka niipime, na hiyo ni bei nyingine, tutaongea msimu wa mahafali ukipita.